From, To, Than: Kulinganisha kwa Kiingereza

Swali: Mwalimu, niliandika "Lake Rukwa is different with Lake Tanganyika", nikakosa. Kwani hayatofautiani?

Jibu: Yanatofautiana sana: Tanganyika lina kina cha zaidi ya mita 1,400, Rukwa ni la kina kifupi. Kosa ni "with". Kiswahili kina "na" moja inayotosha kote: tofauti na, sawa na, kufanana na, kulinganisha na. Ukiingia kidato cha kwanza, masomo yakageuka Kiingereza, "na" hiyo inavunjika vipande: different from, the same as, similar to, compared with. Basi usikariri kihusishi peke yake. Kiandike daftarini pamoja na neno linalokitaka. Waingereza wengine husema "different to", Wamarekani "different than". Kwenye mtihani andika "from", inakubalika kote.

Swali: Je, "kuliko" ni "than" siku zote?

Jibu: Hapana. Baada ya neno lenye -er au more, ndiyo: Kalambo Falls is higher than Victoria Falls. Na ni kweli. Kalambo huanguka zaidi ya mita 200, Victoria kama 108. Lakini prefer, senior na superior hutaka "to". Anayependa ugali wa ulezi kuliko wali aseme: I prefer millet ugali to rice.

Kosa linaloniuma zaidi ni "tallest than all", kwa sababu mwanafunzi ametumia akili: amefuata "mrefu kuliko wote" neno kwa neno. Ukishaweka -est, achana na "than". Ukitaja mahali, tumia "in": the largest town in Rukwa Region. Ukitaja kundi, "of": the tallest of the sisters.

Swali: Compared to au compared with?

Jibu: Ukisema kitu ni mfano wa kingine, "to", ukipima tofauti, "with". Siku hizi wengi huchanganya, nami simkoseshi mtu kwa hilo. Ninachokosoa ni hiki: "The climate of Sumbawanga is colder than Lake Rukwa." Mji uko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ziwa kama 800, kwa hiyo baridi ni kweli, ila hapo hali ya hewa imelinganishwa na ziwa. Kwa Kiswahili usingekosea, ungesema "kuliko ya Ziwa Rukwa". Hiyo "ya" iandike: colder than that of Lake Rukwa.