MKOROSHO: USIUKATE KABLA YA KUUJUA

Likizo iliyopita nilimkuta babu amewauzia wachoma makaa mikorosho yake miwili. Nilipomwuliza sababu alinijibu, "Mjukuu wangu, imezeeka. Haizai tena." Basi nikaenda kwa afisa wa kilimo, na haya ndiyo niliyojifunza.

Asili ya mkorosho ni Brazili. Wareno ndio walioueneza hadi Afrika ya Mashariki katika karne ya 16. Ni jamaa moja na mwembe. Hapa Kenya hustawi Kilifi, Kwale na Lamu, kwa kuwa hupenda joto na udongo wa kichanga. Huvumilia ukame, lakini hautaki maji yaliyotuama.

Faida zake ni nyingi. Bibo huliwa, au hukamuliwa maji yake yakanywewa. Korosho yenyewe, ile inayoning'inia chini ya bibo, hukaangwa na kubanguliwa. Lakini tahadhari! Ganda lake lina mafuta yanayounguza. Mie nilipokuwa mdogo niliipasua moja kwa meno, midomo ikanifura nikashindwa hata kula ugali. Mafuta hayo hayo hutumiwa viwandani kutengeneza rangi na breki za magari.

Sasa, tunapandaje?

1. Tia mbegu ndani ya maji. Zinazoelea zitupe, zilizozama ndizo za kupanda.
2. Chimba mashimo umbali wa mita 12 kwa 12, kwani mti huu hutanuka sana.
3. Mvua zikianza, tia mbegu mbili au tatu katika kila shimo. Baadaye bakisha mche mmoja ulio na nguvu.
4. Palilia, na ukate matawi makavu na yale yanayogusa ardhi.

Mti wa mbegu huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Maua yakionekana kama yamenyunyiziwa unga mweupe, huo ni ugonjwa wa ubwiri unga. Hutibiwa kwa unga wa salfa. Na wale majimoto wanaotuuma tukipanda juu, jamani, msiwaue! Hao ni askari. Hula na kufukuza wadudu wanaofyonza machipukizi.

Je, mti mzee? Afisa alinieleza kwamba hukatwa ukabakishwa kisiki, kikachipua, kisha machipukizi yakabebeshwa vikonyo vya mti unaozaa vizuri. Mizizi ya zamani hulisha mti mpya.

Nilirudi mbio kumweleza babu. Mkorosho wa kwanza ulikuwa umeshakuwa makaa. Wa pili, babu alirudisha pesa za watu. Tuliuangalia maua yake tukakuta unga mweupe. Kumbe haukuwa uzee, ulikuwa ugonjwa! Tumeupogoa na kuutia salfa, nasi twangojea msimu.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Pesa za makaa huisha kwa wiki moja. Mkorosho hukulisha wewe na wajukuu zako. Kabla ya kushika shoka, ulizeni.