Chakula cha Kujenga Mwili, Usingizi na Nguvu za Kazi

Iko desturi inayoonekana katika mashamba mengi ya makazi hapa Uasin Gishu na jirani zetu wa Lugari. Siku malipo ya maziwa yanapotoka, baba mwenye nyumba hupitia buchani akanunua nyama kilo mbili au tatu. Nyama hiyo huliwa usiku ule ule, nayo huliwa nyingi, ili kesho kazi ya shamba iende mbio. Baada ya hapo, siku ishirini na kitu ni ugali na sukuma wiki, na chai.

Tena mtu huyo hushangaa. Usiku ule wa nyama alijigeuza-geuza kitandani, akaamka mara mbili kunywa maji na mara mbili kwenda nje. Asubuhi mwili ulikuwa mzito. Basi somo la mwezi huu ni hili: chakula cha kujenga mwili, yaani chenye protini, kinasaidia nguvu na usingizi kwa njia gani, na kwa nini njia ya kula mara moja kwa wingi haifai.

Fikiri trekta. Trekta huenda kwa dizeli, lakini vyuma vyake huchakaa, navyo hutaka vipuri. Ugali, viazi, mchele na mkate ndiyo dizeli yako. Maharagwe, maziwa, mayai, samaki na nyama ndivyo vipuri. Ukikosa dizeli mwili huweza kuchoma protini badala yake, lakini hiyo ni kama kuuza gurudumu ili ununue mafuta. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mwili hauna ghala ya protini. Wanga huwekwa akiba kidogo katika ini na misuli, mafuta huwekwa chini ya ngozi, lakini protini iliyozidi haja huchomwa au hugeuzwa mafuta, na taka zake hutolewa kwa mkojo. Ndiyo sababu ya kiu na kuamka usiku baada ya nyama nyingi. Pia protini huutia mwili kazi kubwa ya kuisaga kuliko wanga, na kazi hiyo huleta joto. Mtu akilala tumbo likiwa limejaa nyama yenye mafuta, uchachu hupanda kifuani, na usingizi huvunjika.

Mtu mzima wa kilo 60 ahitaji karibu gramu 50 za protini kwa siku, kila siku. Si nyingi. Gramu 100 za maharagwe makavu zina gramu 20 na zaidi kidogo. Nusu lita ya maziwa ina gramu 16 hivi, na yai moja gramu 6. Hata unga wa mahindi unayo: nusu kilo ya unga ina karibu gramu 40. Utauliza, basi kwa nini ugali peke yake usitoshe? Kwa sababu protini ya mahindi ina upungufu. Protini yoyote imejengwa kwa vipande vingi, na katika mahindi vipande viwili ni haba, laisini na triptofani. Mjenzi mwenye mawe tele bila saruji hawezi kumaliza nyumba. Maharagwe yana laisini kwa wingi, na kwa hiyo githeri waliyoipika mama zetu tangu zamani ni chakula cha akili kuliko tunavyokisifu. Maziwa na mayai hukamilisha vyote viwili.

Hiyo triptofani ndiyo inayotuleta kwenye usingizi. Kwayo mwili hutengeneza melatonini, ambayo huuambia mwili kwamba usiku umefika. Lakini usidhani kikombe cha maziwa ni dawa ya kulaza. Triptofani hupita mlango mmoja na vipande vingine vya protini ili kuingia katika ubongo, na ukila nyama tupu, wenziwe wengi huisonga mlangoni. Wanga hupunguza msongamano huo. Kwa hiyo chakula cha jioni cha ugali wa kadiri, mboga, na maharagwe au maziwa lala chafaa kuliko sinia la nyama. Nacho kiliwe mapema, saa mbili au tatu kabla ya kulala.

Protini yenyewe haina uadui na usingizi. Katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, watu wanene waliokuwa wakipunguza mwili walipewa protini zaidi ya kawaida, na baada ya miezi mitatu minne walisema wanalala vizuri zaidi kuliko wenzao. Uchunguzi huo ulichapishwa 2016. Lakini hao walikuwa watu waliojinyima chakula, si mtu aliyeshika jembe tangu alfajiri, na walikula protini hiyo siku zote, si siku ya mshahara.

Mfano wa karibu zaidi tunao hapa mlimani Kaptagat. Wataalamu walikaa na wakimbiaji kumi wa Kikenya, mabingwa wa mbio ndefu, katika kambi yao, wakapima kila walichokula kwa siku saba. Habari hizo zilichapishwa 2004. Wengi hudhani wakimbiaji wetu hula nyama kama simba. La. Karibu robo tatu ya nguvu zao ilitoka katika wanga, nao ugali ukiwa mbele, na sukari ya chai si haba. Protini ilikuwa sehemu moja tu katika kumi, karibu gramu 75 kwa siku. Kiasi hicho kiliwatosha watu wanaokimbia kila siku, nacho kinaweza kupatikana katika shamba lolote lenye ng'ombe mmoja na mistari ya maharagwe.

Kinachobaki ni kugawa vizuri kwa siku nzima. Chai na mandazi asubuhi hushibisha hata saa nne, kisha mikono hulegea. Ongeza yai, au kikombe cha mursik, au maharagwe yaliyobaki jana, na utaona shibe inadumu. Mchana kula githeri au ugali na omena. Omena kavu ina protini nyingi kwa bei ndogo, na wenzetu wa Lugari wasiona haya kula kumbikumbi mvua inapoanza wana haki yao. Kwa upande wa chai, inyweni baada ya muda, si pamoja na chakula, kwa maana huzuia madini ya chuma ya maharagwe na mboga yasiingie mwilini. Mama aliyechoka siku zote hata baada ya kulala huenda amepungukiwa na damu. Huyo aende zahanati, asiongezewe nyama tu. Na chai ya rangi saa tatu usiku ndiyo mwizi wa usingizi katika nyumba nyingi.

Sasa neno zito zaidi. Wakulima wa kwanza wa Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza 1962, waliingia mashambani na mikopo ya kulipa, na naona tangu hapo tumezoea kuyahesabu maziwa kuwa fedha tu. Mkebe hujazwa asubuhi, na mtoto hunywa chai iliyotiwa weupe. Hesabu hii: lita mbili za maziwa zina karibu gramu 65 za protini. Mtoto wa miaka mitano ahitaji gramu 19 hivi kwa siku. Lita mbili ukizibakiza nyumbani, watoto watatu wa umri huo wamepata haja yao yote. Mtoto aliyekosa muda mrefu huweza kupata unyafuzi, miguu ikavimba na nywele zikawa nyekundu, wakati mahindi yamejaa ghalani. Tena siku nyama inapopikwa, mgao wa kwanza uwe wa mtoto na mama mjamzito au anyonyeshaye. Baba amekwisha kukua.

Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kumwuliza daktari.

Wengine husema maharagwe ya jioni huwajaza hewa wakakosa kulala. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, uyachemshe kwa maji mapya mpaka yawe laini kabisa. Kwa mtu ambaye hajayazoea, aanze na kijiko viwili vitatu kwa juma la kwanza, na ale mchana.