KUILINDA WINCHI YA GARI YA KAZI: FUNZO KUTOKA VWAWA

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanakumbushwa kwamba chombo cha umma ni amana, na amana hailindwi kwa nia njema peke yake. Katika toleo hili tunazungumzia jambo ambalo huonekana dogo mpaka litokee: wizi wa winchi ya gari. Makusudio yetu si winchi ya bandarini ipakuayo makontena, bali ni mashine ndogo ifungwayo mbele ya gari za safari ngumu, mfano wa Land Rover na Land Cruiser, yenye waya wa chuma na ndoano. Gari ikikwama, ndoano hufungwa kwenye mti au gari nyengine, na mashine hiyo, kwa nguvu ya betri, huivuta gari mpaka ikatoka.

Tukio lenyewe

Mwandishi wa somo hili aliwahi kufuatana na ujumbe uliokwenda Vwawa, mji ambao tangu mwaka 2016 ni makao makuu ya Mkoa wa Songwe, kujionea kilimo cha kahawa cha Wilaya ya Mbozi. Ulikuwa ni wakati wa mvua. Tulilala katika nyumba ya wageni iliyo kando ya barabara kuu, na gari ya wenyeji wetu iliegeshwa uani, uso wake ukielekea langoni. Asubuhi tulikuta bampa iko wazi. Winchi haipo, boliti nne zimewekwa chini kwa utulivu kana kwamba ni kazi ya karakana, na nyaya mbili nene za umeme zimekatwa. Mlinzi hakusikia kitu.

Jioni ya siku hiyo, tukirudi kutoka vijijini, gari ilizama katika udongo mwekundu uliorowa. Wanakijiji walituvuta kwa kamba na majembe, tukatoka saa mbili za usiku. Hata hivyo, aliyeumia zaidi ni dereva. Daftari la makabidhiano halikuonyesha kwamba winchi ilikuwepo siku aliyoipokea gari, na ofisi yake ikaona kuwa yeye ndiye wa kuulizwa. Sisi tuliokuwa naye tuliiona kwa macho yetu, na tuliandika barua ya kumshuhudia, lakini barua ilifika uamuzi umekwishatolewa. Mshahara wake ulikatwa kwa miezi kadhaa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ile tuliona kuwa heshima ya mtu nayo hupotea pamoja nayo.

Kwa nini winchi huibwa kwa wepesi

Sababu ni tatu. Kwanza, kwa kawaida hushikwa na boliti nne tu, na mtu mwenye spana moja huweza kuzifungua kwa muda mfupi. Pili, uzito wake ni wa kubebeka. Nyingi hazifiki kilo 50, mzigo wa watu wawili au hata mmoja mwenye nguvu. Tatu, huwa nje ya gari, hivyo mwizi hana haja ya kuvunja kioo wala kufungua mlango.

Kwa mji kama Vwawa huongezeka jambo la njia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hupita hapo, na Tunduma, ulipo mpaka na mji wa Nakonde, si mbali. Magari ya mizigo hupita usiku na mchana. Kitu kilichofunguliwa usiku wa manane huweza kuwa mbali sana kabla ya adhana ya alfajiri. Kwa hiyo juhudi kubwa iwe kabla ya wizi, si baada yake.

Kufuli hununua muda

Katika wilaya hiyo hiyo ya Mbozi, kwenye kilima cha Marengi, kipo kimondo mashuhuri cha chuma kinachokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16. Inaelezwa kwamba mwaka 1930 mtaalamu wa miamba alipotaka kukata kipande cha sentimita 10 kwa msumeno wa mkono, kazi hiyo ilimchukua saa 10. Chuma kile kilikatika, lakini kwa muda ambao mwizi hana. Hiyo ndiyo maana ya kinga yoyote: haimfanyi mwizi ashindwe milele, bali humlazimisha akae muda mrefu, apige kelele, aonekane.

Hatua za kuchukua

1. Boliti moja au mbili kati ya nne zibadilishwe, ziwekwe zenye nati maalum zifunguliwazo kwa ufunguo wake tu. Nguvu ya boliti mpya isiwe chini ya ile ya zamani, kwani ndizo zinazobeba uzito wa kuvuta.

2. Kwa boliti zenye tundu kichwani, tundu lizibwe kwa gololi ya chuma na gundi ngumu. Fundi akitaka kuifungua ataitoa kwa subira. Mwizi hana subira.

3. Boliti zisichomelewe. Moto hupunguza ugumu wa chuma chake, na boliti dhaifu huweza kukatika wakati wa kuvuta na kumdhuru mtu. Iliyo bora ni kufunika vichwa vyake kwa bamba la chuma lenye kufuli.

4. Iwekwe swichi ya kukata umeme karibu na betri, ndani ya boneti. Waya wenye umeme ukikatwa na ukagusa bodi ya gari, huweza kuwasha moto. Hivyo swichi hiyo huilinda gari nzima.

5. Kidhibiti cha mkononi kitolewe na kuhifadhiwa ofisini. Winchi isiyo na kidhibiti chake humpunguzia mwizi bei.

6. Usiku gari iegeshwe uso wake ukikaribia ukuta, au gari mbili zielekezane uso kwa uso, ili pasiwe na nafasi ya kuingiza mkono na spana. Laiti tungalifanya hivi, huenda hasara ile isingalitokea.

7. Namba ya kiwanda iandikwe katika daftari la mali, na alama ya ofisi ichongwe mahali pawili, pamoja pawe pa siri. Picha zihifadhiwe.

8. Kila makabidhiano ya gari yataje winchi kwa jina, pamoja na spea, jeki na ndoano, na pande zote mbili zitie saini. Hatua hii haigharimu chochote isipokuwa wino.

Ikiwa imekwishaibwa

Mahali pasiguswe. Taarifa itolewe mara moja kituo cha Polisi kilicho karibu, na namba ya kiwanda itajwe. Kiongozi wa mtaa naye aarifiwe. Mwananchi anayeletewa winchi kwa bei ya kutupa aulize hati zake, kwani Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16) inahesabu kupokea mali ya wizi, huku mtu akijua, kuwa ni kosa la jinai.

Mwisho, wasomaji wa Unguja na Pemba wasidhani somo hili ni la watu wa bara pekee. Mashine ya kupachika nyuma ya boti nayo hushikwa kwa skrubu chache, hukaa nje, na hubebeka. Hatua hizi zinaifaa vile vile. Wakuu wa taasisi wanahimizwa kuanza na ile ya nane wiki hii, ili mali ihifadhike na mtumishi mwaminifu asilipe deni lisilokuwa lake.