Kujitambulisha na Kutambulishwa: Nambari ya Mpigaji katika Simu za Ofisi

Makala haya yanadai kwamba vitenzi 'kujitambulisha' na 'kutambulishwa' vinaeleza vyema utambulisho wa mpigaji katika simu za intaneti. Tuchukue mfano wa shule yoyote ya Kisaju, kando ya barabara ya Namanga. Katika itifaki ya SIP, simu ya mwalimu hujitambulisha yenyewe. Kisha, kwa kanuni ya mwaka 2002, mtambo unaoaminika huitambulisha kwa nambari uliyoihakiki. Fundi akiificha nambari, mzazi huenda asipokee, hata kama mwanawe ni mgonjwa. Akionyesha nambari kuu, aianze kwa +254 bila ile sifuri, ili hata mzazi aliye Omani aweze kuirudia. Lakini nambari kuu huitambulisha shule, si mwalimu. Ndiyo maana swali "Nani mwenzangu?", ambalo simu ya mkononi imelidhoofisha, lingali hai kinywani mwa mpokea simu wa ofisi.