Mtihani na Matokeo Yake

Tumeulizwa na baadhi ya wazee wa hapa Makadara (twakusudia Makadara ya Nairobi, si ile ya Mombasa ambayo wengi wetu tumeizoea) ni lipi limpasalo Muislamu siku yanapotangazwa matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, mtoto wake akawa ametoka na alama zisizotarajiwa. Suali hili si dogo. Kila matokeo yanapokaribia, huingia katika mitaa hii, Jericho, Hamza, Maringo na Mbotela, khofu ambayo mpita njia haioni. Imo ndani ya nyumba, baina ya mtoto na simu iliyo mkononi mwake.

Neno mtihani katika lugha yetu lina maana mbili. Ni maswali anayowekewa mwanafunzi, na ni jaribio ambalo Mwenyezi Mungu humjaribu kwalo mja wake, kwa kheri na kwa shari. Ule wa kwanza mtoto ameshaumaliza. Siku ya matokeo ni siku ya huu wa pili, na anayeufanya zaidi ni mzazi. Neno lake la kwanza likiwa ni "Umetuaibisha", kisha akahisabu karo aliyolipa na kumtaja binamu aliyepata B, basi amelipeleka jeraha pale ambapo dawa haifiki upesi.

Na tuzitazame hisabu zenyewe. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2024 walikuwako watahiniwa 962,512. Waliopata C+ na zaidi, ambayo ndiyo alama ya chini ya kuingilia chuo kikuu, walikuwa 246,391. Yaani katika kila wanne, kiasi cha watatu hawakuipata. Jee, tuseme robo tatu ya vijana wa nchi hii ni aibu kwa wazee wao? Tena mwaka 2016 waliopata A nchi nzima walikuwa 141 tu, ilhali mwaka wa nyuma yake walipindukia 2,600. Watoto wa Kenya hawakupotewa na akili kwa muda wa miezi kumi na miwili. Mwaka huo ulinzi dhidi ya wizi wa mitihani ulikazwa sana. Alama ni khabari ya mtihani mmoja, wa mwaka mmoja.

Kuhuzunika si dhambi. Mtume wetu (S.A.W.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, wala hakusema ila lenye kumridhisha Mola wake. Basi mtoto akilia na aachwe alie, na mama akilia naye hapana ubaya. Lililokatazwa ni kujifunga katika "lau": lau angalisoma zaidi, lau tungalimpeleka shule fulani. Mtume ametufundisha kwamba lau hiyo humfungulia Shetani kazi yake, na kwamba likisha kupita jambo tulirejeshe kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu.

Lakini hapa ndipo wengine wanapopotoa. Wao husema "Hakuandikiwa kusoma", wakamtoa mtoto shule. Nani aliyewasomea yaliyoandikwa? Kadari hutulizia moyo kwa lililopita. Hatukuambiwa tumfungie mtu kwayo mlango wa kesho. Na wako waliomvisha mtoto hirizi kabla ya mtihani, na matokeo yalipokuja wakamshuku jirani kwa kijicho. Hasadi ipo, hatuikanushi, lakini daftari lisilofunguliwa halihitaji hasidi.

Anayedhani kuwa alama mbaya ndiyo hukumu ya maisha na amkumbuke kijana mmoja wa Mombasa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, alifariki mwaka 1947 akamwacha mwanawe Ali akiwa na miaka kumi na minne. Baada ya hapo kijana huyo alifanya mtihani wa Cambridge akapata daraja la tatu, nayo haikumfikisha Makerere. Mtoto wa Kadhi Mkuu, katika mji ambao kila mtu amjua baba yake! Akashika kazi ya ukarani katika chuo cha Waislamu pale Mombasa. Hakuacha kusoma wala kusema mbele za watu, hata Gavana Philip Mitchell akamsikia akizungumza katika hafla ya Maulidi chuoni hapo, na kwa hayo akapatiwa nafasi ya kwenda Uingereza mwaka 1955. Alihitimu Manchester mwaka 1960, akapata udaktari wa Oxford mwaka 1966, na Makerere ile ile ikamfanya profesa. Hatusemi kila daraja la tatu litazaa Ali Mazrui. Twasema kwamba waliomtazama karani yule hawakujua walikuwa wakimtazama nani.

Limebaki jambo zito, nalo twalisema wazi. Zimewahi kusikika khabari za vijana waliojidhuru baada ya matokeo. Mtoto aliyenyamaza kabisa, asiyekula, asiyelala, au anayesema kuwa afadhali asingezaliwa, asiachwe peke yake, wala asipewe mawaidha marefu. Akae na mtu ampendaye, asikilizwe, na apelekwe hospitali kwa daktari bila ya kuona haya, kama vile angalipelekwa kwa homa. Hilo si upungufu wa imani yake wala yenu.

Ama mengine yangoje wiki moja. Ikiwa kuna shaka katika alama, mkuu wa shule ndiye anayepeleka malalamiko kwa Baraza la Mitihani, na muda wake una mwisho, basi aendewe mapema. Anayetaka kurudia mtihani aweza kujiandikisha kuwa mtahiniwa wa kujitegemea. Na vyuo vya ufundi vinawapokea hata waliopata D; mzazi na afuatane na mwanawe wakaulize pamoja, na mtoto awe ndiye msemaji.