Mchezo wa Vita Katika Chekechea

Watoto wawili wa miaka minne wanarukiana mateke katika ua wa shule. Mmoja amejifanya shujaa wa katuni, mwenziwe ni adui. Adui akianguka, mchezo huanza tena kwa maneno yale yale na mateke yale yale. Siku ya tatu adui anapasuka mdomo. Mwalimu afanye nini, na mzazi aliyenunua upanga wa plastiki ana sehemu gani katika jambo hili?

Kwamba mtoto huiga ukali anaouona si dhana tu. Mwaka 1961 Albert Bandura na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha jaribio ambamo watoto wa shule ya awali walimtazama mtu mzima akimpiga mwanasesere wa kupulizwa. Walipoachiwa mwanasesere huyo, walimpiga kwa namna ile ile, kuliko watoto ambao hawakuona kipigo.

Mwalimu hodari kwanza huzuia kuumizana, bila majadiliano. Hata hivyo haufukuzi mchezo wenyewe, maana mchezo uliopigwa marufuku huhamia nyuma ya vyoo, asikouona mtu mzima. Badala yake huketi karibu na kuuliza: Adui huyu analala wapi? Nani humpikia? Sasa ameumia, nani atamtibu? Maswali hayo humtoa mtoto katika hadithi aliyopewa na kumwingiza katika hadithi yake mwenyewe. Waliokuwa wakipigana huanza kutafuta leso ya kufungia jeraha, na katoni hugeuka gari la wagonjwa. Waelimishaji wa Marekani Nancy Carlsson-Paige na Diane Levin, katika kitabu chao cha mwaka 1987 kuhusu michezo ya vita, walitenganisha mambo haya mawili: kucheza, ambako mtoto hubuni, na kuiga tu alichokiona.

Hapo ndipo mnunuzi anapohusika. Mwaka 1984 Marekani iliondoa mipaka ya muda wa matangazo katika vipindi vya watoto, na vipindi vilivyotungwa ili kuuza vitu vya kuchezea vikaongezeka. Kitu cha namna hiyo huja na hadithi yake, jina lake na adui wake. Kazi inayobaki kwa mtoto ni kubonyeza kitufe. Udongo wa mfinyanzi, vipande vya mbao au gari la waya havimwamuru mtoto lolote, na aghalabu gharama yake ni ndogo.

Kabla ya kufungulia filamu, soma alama ya uainishaji. Nchini Kenya, GE ni ya watazamaji wote. PG humtaka mzazi aongoze, wala si ruhusa ya kumwacha mtoto peke yake na skrini. 16 na 18 si za mtoto wa chekechea, hata kama kaka zake wanatazama. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linashauri mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku.

Na mwalimu akikuuliza mtoto hutazama nini nyumbani, usilichukue swali hilo kuwa shutuma. Mtajie kipindi kwa jina. Bila jina hilo hawezi kujua mateke yale yanatoka katika hadithi gani, wala aanzie wapi kuuliza.