Mataa Yanavyopanga Zamu, na Namna ya Kuyasoma

Dereva aliyekwama kwenye taa nyekundu, huku upande wa pili hakuna hata baiskeli, huwa na hukumu moja tu: mataa haya mabovu. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine mataa yanafuata kanuni zake, na kanuni hizo unaweza kuzisoma ukiwa umesimama hapohapo.

Kwanza jua uko kwenye mataa ya aina gani. Fungua saa ya kupimia kwenye simu (kama wewe ni abiria, si dereva) upime muda wa kijani wa upande mmoja kwa mizunguko kadhaa. Ukiwa uleule wakati wa foleni na wakati barabara ni tupu, hayo ni mataa ya ratiba. Yamepangiwa sekunde zake na hayana habari kama upo. Hapo dawa ni subira. Lakini muda ukirefuka na kufupika, au upande fulani ukirukwa kabisa usiku, basi kidhibiti kilichomo kwenye lile kabati la pembeni kinahisi magari. Angalia lami kabla ya mstari wa kusimamia: utaona michoro ya msumeno iliyozibwa kwa lami nyeusi, na chini yake kuna waya uliozungushwa. Kama lami haina alama, tazama juu ya nguzo. Huenda kuna kamera au rada inayoelekea magari yanayokuja.

Sasa uamuzi wenyewe. Watu wengi hudhani kidhibiti hutazama foleni zote kisha humpa nafasi mwenye foleni ndefu. Cha kawaida hakifanyi hivyo. Kinachotafuta ni ombi. Gari moja likipita juu ya waya ni ombi. Magari 30 nyuma yake ni ombi lilelile. Chukua makutano yenye zamu tatu: ya kwanza barabara kuu, ya pili barabara ya mtaani, ya tatu waendao kwa miguu. Zamu ya kwanza inapokwisha, kidhibiti huuliza kwa mpangilio: wa pili ameomba? Kama hapana, humruka na kumuuliza wa tatu. Asipoomba yeyote, barabara kuu hubaki na kijani. Ndiyo maana mtembea kwa miguu asiyebonyeza kitufe anaweza kusimama pale mpaka achoke. Ukishabonyeza na kitaa kikawaka, ombi limeandikwa. Kubonyeza tena kwa hasira hakuliongezi uzito.

Kuna swali la pili: zamu iliyopo iishe lini? Mfano mzuri ni Uingereza, ambako utaratibu huu umewekewa viwango kwa miaka mingi. Kwenye mpangilio wao wa kawaida kila upande una vitambuzi vitatu, mita 12, 25 na 39 kutoka mstari wa kusimamia. Kijani hupewa muda wa chini, mara nyingi sekunde 7, ambao haukatwi. Baada ya hapo kila gari linalopita juu ya kitambuzi huongeza sekunde chache. Pakitokea mwanya kati ya magari, zamu hukatwa. Magari yakija mfululizo, kuna kikomo, na saa ya kikomo hicho huanza kuhesabu pale tu mtu wa upande mwingine anapoomba. Kikomo kikifika magari yakiwa bado yanakuja, kidhibiti huwaandikia ombi wale waliokatwa, wasije wakasahaulika. Kisha njano sekunde 3, na ulinzi wa ndani unaozuia pande mbili zinazogongana zisipate kijani pamoja.

Tumia maarifa hayo. Simama karibu na mstari wa kusimamia, usisimame nyuma sana kwa kuogopa jua na kutafuta kivuli cha mti, kwani gari ambalo halijafika kwenye waya halijaomba chochote. Wa bodaboda na baiskeli wana tatizo lao: waya huhisi chuma, na chuma chao ni kidogo. Usisimame katikati ya mchoro wa mstatili. Weka magurudumu juu ya ule mstari wa msumeno wenyewe, ambako hisia ni kali zaidi. Kama kipimo ni rada au kamera, ushauri huu wa waya haukuhusu.

Kanuni zote hizi hulala pale trafiki anapoingia katikati ya makutano, kama ilivyo kawaida Dar es Salaam na Nairobi saa za msongamano. Yeye huiona foleni yote, jambo ambalo waya hauwezi. Ila hana saa ya kikomo, na upande uliosahauliwa unalijua hilo kuliko yeye.

Ubovu wa kweli nao una alama zake. Kitambuzi kikifa kikiwa kimekwama kwenye “kuna gari”, upande mtupu hupewa kijani kila mzunguko, na mara nyingi huendelea mpaka kikomo. Kikifa kwa namna nyingine, upande wako haupewi zamu kamwe. Unapotoa taarifa, kwa Tanzania ni TANROADS au TARURA kulingana na barabara ni ya nani, usiandike “taa mbovu”. Taja makutano, upande unaotoka na unaoelekea, saa, na kama kijani inakuja bila gari au haiji kabisa.